Mama ana "kilele cha IgG kapa" kwenye damu: ni saratani, au ni jambo la kusubiri?

"Mama yangu ana miaka 62. Ana presha, anameza dawa na imetulia. Tangu mwaka jana analalamika uchovu na mgongo kuuma. Hospitali walimpima damu: protini zote 88 g/L, albumini 36, hemoglobini 11.2, kreatinini 84, ESR 70. Daktari akaagiza kipimo cha kutenganisha protini. Majibu yakaja hivi: albumini 36, alfa-1 3, alfa-2 8, beta 10, gama 31. Chini wameandika: kilele chembamba eneo la gama, 9 g/L, imunofiksesheni ni IgG kapa. Mkojo ulipimwa kwa kijiti, hauna protini. Daktari alisema 'tutafuatilia', akamwandikia diklofenaki ya mgongo. Shangazi anasema hiyo ni saratani ya damu, tusipoteze muda. Mjomba anasema ni nyama na maharage, aache kula. Tumsikilize nani? Na je, atolewe uboho?"

Pole sana, na ahsante kwa kuandika namba zote, maana bila namba jibu lingekuwa la kubahatisha. Kwa karatasi hiyo peke yake hakuna mtu anayeweza kusema mama ana saratani, wala hakuna anayeweza kuapa kwamba hana. Kilele cha 9 g/L ni kidogo, na watu wengi wenye kilele cha namna hiyo huishi nacho hadi uzee bila kuwadhuru. Lakini mama ana mgongo unaouma na damu iliyopungua, na vipimo vinavyotakiwa kutenganisha hali ya utulivu na ugonjwa havijakamilika. "Tutafuatilia" ni neno zuri baada ya vipimo hivyo. Kabla yake ni mapema.

Nianze na mjomba, kwa sababu ushauri wake unaweza kumdhuru mama wiki hii hii. Protini ya nyama, samaki au maharage huvunjwavunjwa tumboni na kwenye utumbo kuwa chembe ndogo kabla ya kuingia kwenye damu. Protini zinazopimwa kwenye seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, zimetengenezwa na mwili wenyewe: albumini na nyingi ya zile za alfa na beta hutoka kwenye ini, na zile za gama, ambazo ni kingamwili, hutoka kwenye seli plazma zinazokaa hasa ndani ya uboho. Mama akiacha maharage, kilele hakitapungua hata gramu moja. Atakachopata ni udhaifu zaidi juu ya hemoglobini ya 11.2. Ale kama kawaida.

Sasa kipimo chenyewe cha kutenganisha protini, kiitwacho elektroforesisi. Tone dogo la seramu huwekwa kwenye jeli au kwenye mrija mwembamba, ndani ya maji yenye pH ya karibu 8.6, kisha umeme hupitishwa. Katika hali hiyo protini hubeba chaji hasi na kukimbilia upande chanya, kila moja kwa mwendo wake. Albumini huenda mbali zaidi, kingamwili nyingi hubaki nyuma, karibu na pale zilipoanzia. Mashine husoma rangi na kuchora mstari wenye milima mitano. Asili ya kazi hii ni ya Arne Tiselius wa Uppsala, Sweden, aliyeitangaza mwaka 1937 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Mashine zimebadilika sana, msingi ni ule ule.

Mtu mwenye afya ana maelfu kwa maelfu ya koo za seli plazma, na kila ukoo hutengeneza kingamwili ya aina yake. Zikipimwa pamoja zinachora kilima kipana, kwa sababu kila moja ina mwendo tofauti kidogo. Ukoo mmoja ukizaana kupita wenzake, kingamwili zake zote ni pacha: zinakimbia kwa mwendo mmoja, zinasimama mahali pamoja, na mstari unachora kitu chembamba kilichochongoka, kama mnara wa msikiti juu ya kilima. Huo mnara ndio "kilele". IgG ni aina ya mnyororo mzito wa kingamwili hiyo, na kapa ni aina ya mnyororo wake mwepesi. Aina nyingine ya mnyororo mwepesi ni lamda.

Imunofiksesheni ndiyo inayothibitisha. Seramu ile ile hupitishwa umeme kwenye njia sita, halafu njia tano hupakwa dawa ya kunasa IgG, IgA, IgM, kapa na lamda, kila moja peke yake. Kilichonaswa hubaki, kingine huoshwa. Mstari mwembamba ukionekana kwenye njia ya IgG na ya kapa tu, mahali pale pale, basi ni ukoo mmoja. Kwa hiyo kilele cha mama ni cha kweli. Nasema hivyo kwa sababu kuna kosa la kawaida sana: damu ikichukuliwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau au bluu, haigandi, na protini ya kugandisha iitwayo fibrinojeni hubaki ndani. Hiyo huchora mstari mwembamba kati ya beta na gama unaofanana na kilele. Damu inayotakiwa ni ya chupa yenye kifuniko chekundu au cha njano, iachwe kama dakika 30 igande kabisa, ndipo izungushwe kwenye mashine. Seli nyekundu zikipasuka wakati wa kuchukua damu, hemoglobini iliyomwagika nayo huleta uvimbe wa bandia kati ya alfa-2 na beta. Yote mawili hayashiki dawa za imunofiksesheni, kwa hiyo hayaelezi jibu la mama.

Lakini kuna jambo ambalo naona limepitwa na kila mtu. Jumlisha namba za karatasi: 36, 3, 8, 10 na 31, unapata 88, sawa na protini zote. Ondoa albumini, globulini ni 52. Kiasi cha kawaida cha gama katika maabara nyingi ni kama 8 hadi 16 g/L. Mama ana 31, na kilele ni 9 tu kati ya hizo. Zinabaki 22. Yaani hata mnara ukiondolewa, kilima chenyewe kiko juu kuliko kawaida. Kuna mambo mawili kwenye damu hii, na yote wanaita "protini imepanda".

Kilima kipana kilichopanda hakina uhusiano na saratani ya seli plazma. Kinasema kinga ya mwili inapambana na kitu kwa muda mrefu: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B au C, ini lililokakamaa, kifua kikuu, malaria ya kurudiarudia, kichocho, kala-azar kwa anayetoka maeneo kama Baringo au Turkana nchini Kenya, au magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe kama lupasi na baridi yabisi ya viungo. Katika nchi zetu hiki ndicho chanzo kikubwa cha globulini kupanda, kuliko mnara. Kwa hiyo mama apimwe VVU, homa ya ini B na C, vimeng'enya vya ini, na aulizwe kuhusu kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito na viungo kuvimba. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye pingili za mgongo bila kikohozi chochote. Mtu mwenye mgongo unaouma, uchovu na kilima kilichopanda asiachwe bila swali hilo, hata kama karatasi imesimamia kilele.

Kilima hiki kinagusa pia hesabu ya kilele. Mtaalamu wa maabara huweka alama mbili kwenye mstari kuzunguka kilele. Akishusha mistari wima hadi chini, anahesabu na sehemu ya kilima iliyo chini ya mnara, na namba inatoka kubwa kuliko ukweli. Akikata kwa mshazari kwenye mabega ya kilele, anapata mnara peke yake. Njia zote mbili hutumika. Ndiyo sababu kipimo cha kurudia kifanywe maabara ile ile, kwa njia ile ile. Vinginevyo mtaona 9 ikawa 12 na kulia bure, au ikawa 6 na kushangilia bure. Angalieni pia kipimio: maabara nyingine huandika g/dL, ambapo 0.9 ni sawa na 9 g/L. Familia nyingi zimepata hofu kwa kuona "imetoka 0.9 imekuwa 9".

ESR ya 70, yaani kasi ya seli nyekundu kuzama, haiongezi habari hapa. Globulini nyingi hufanya seli nyekundu zigandamane kama sahani zilizopangwa na kuzama haraka. Ni kivuli cha kitu mlichokwisha kukiona.

Shangazi naye ana haki ya kuuliza. Saratani anayoizungumzia inaitwa mieloma, na ni kweli huanza na ukoo mmoja wa seli plazma. Ila karibu kila mieloma hutanguliwa na hali ya utulivu iitwayo MGUS, na wengi wenye MGUS hawafiki kwenye mieloma. MGUS maana yake ni kilele chini ya 30 g/L, seli plazma za ukoo huo chini ya asilimia 10 ya uboho, na hakuna kiungo kilichoharibika kwa sababu yake. Hupatikana kwa takriban watu 3 kati ya kila 100 waliopita miaka 50 katika uchunguzi uliofanywa Minnesota, Marekani, na kwa watu wenye asili ya Afrika ni mara mbili hivi ya hapo. Uchunguzi wa wanaume nchini Ghana ulionyesha jambo hilo hilo. Katika kila watu 100 wenye MGUS, kama mmoja kwa mwaka huingia kwenye mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Hatari hiyo haiishi kwa kupita miaka, ndiyo maana ufuatiliaji ni wa maisha yote.

Kinachogeuza utulivu kuwa ugonjwa ni madhara kwenye vitu vinne, na daktari wa mama anatakiwa kuvipitia vyote. Kalsiamu: juu ya 2.75 mmol/L ni dalili mbaya. Figo: kreatinini juu ya 177 µmol/L. Damu: hemoglobini chini ya 10, au gramu 2 chini ya mpaka wa kawaida wa maabara. Mifupa: tundu la milimita 5 au zaidi kwenye picha ya CT. Yapo pia mambo matatu yanayotosha hata bila madhara hayo: seli plazma kufika asilimia 60 ya uboho, uwiano wa minyororo myepesi huru kufika 100, au madoa zaidi ya moja ya mifupa kwenye MRI.

Tumweke mama kwenye mizani hiyo. Kreatinini 84 ni nzuri. Hemoglobini 11.2 iko chini ya kawaida lakini haijafika kwenye kipimo cha mieloma. Wanawake wengi wa umri wake wana upungufu wa madini ya chuma, B12, au damu inayovuja tumboni kidogo kidogo, na diklofenaki inaweza kuchangia hilo la mwisho. Apimwe feritini (akiba ya madini ya chuma) na B12, na hesabu kamili ya damu isomwe pamoja na ukubwa wa seli. Kalsiamu hamkuitaja, kwa hiyo nachukulia haijapimwa. Ipimwe, na isahihishwe kwa albumini: kwa kila gramu 1 ambayo albumini iko chini ya 40, ongeza 0.02. Kwa mama, mwenye 36, ongeza 0.08 kwenye jibu la maabara. Mwombeni mtoa damu asikaze mpira wa mkono muda mrefu akitafuta mshipa, maana hilo peke yake hupandisha kalsiamu na protini zote.

Kipimo kilichokosekana kuliko vyote ni minyororo myepesi huru ya seramu. Seli plazma hutengeneza minyororo myepesi kidogo kupita inayohitajika, na ile iliyozidi hupita huru kwenye damu na kuchujwa na figo. Kwa kawaida kapa huru ni 3.3 hadi 19.4 mg/L, lamda 5.7 hadi 26.3, na uwiano wa kapa kwa lamda 0.26 hadi 1.65. Mama ana kilima kilichopanda, kwa hiyo msishtuke kapa ikitoka 30 na lamda 25: zote mbili zimepanda pamoja, uwiano ni 1.2, kinga inafanya kazi. Kapa 30 na lamda 6 ni habari tofauti kabisa. Someni uwiano. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali; hospitali kubwa za rufaa na maabara binafsi za miji mikubwa hukifanya au kutuma sampuli nje, na kutuma kunaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kijiti cha mkojo kisiwatulize. Kijiti kinashika albumini. Minyororo myepesi hupita mbele yake bila kubadilisha rangi. Ni protini hiyo hiyo ambayo mwaka 1845 Henry Bence Jones wa London aliipata kwenye mkojo wa mgonjwa: ulipopashwa moto uliganda, ulipochemka ukayeyuka tena. Kwa mama ningependa mkojo wa saa 24 upelekwe kwenye elektroforesisi na imunofiksesheni. Akiamka asubuhi, mkojo wa kwanza aumwage chooni na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, pamoja na la haja kubwa kama anaweza kulitenga, mpaka mkojo wa kwanza wa asubuhi inayofuata, ambao huo anauweka. Chombo kikae mahali pa baridi. Akisahau mara moja, bora aanze upya kuliko kupeleka nusu.

Na mifupa. Mtu mwenye kilele kidogo cha IgG, chini ya 15 g/L, uwiano wa kawaida na asiye na dalili yoyote, mara nyingi hahitaji picha wala uboho. Mama hayumo kwenye kundi hilo kwa sababu mgongo unauma. Bora zaidi ni CT ya mwili mzima ya mionzi midogo, au MRI ya uti wa mgongo. Hizo zikishindikana kwa gharama au umbali, ipigwe eksirei ya uti wa mgongo wote, nyonga, fuvu na mifupa mirefu, lakini mjue udhaifu wake: tundu halionekani kwenye eksirei mpaka sehemu ya tatu hadi nusu ya mfupa imeliwa. Eksirei safi kwa mtu anayeumia haifungi mjadala. Kipimo cha mifupa kwa dawa ya mionzi, kile kinachotumika kwa saratani ya matiti na tezi dume, si chaguo zuri hapa, kwa sababu kinaona mfupa unaojengwa, na mieloma hubomoa bila kujenga.

Hapo ndipo swali la uboho linapata jibu. Ningesema usubiri kidogo, wiki chache, siyo miezi, mpaka kalsiamu, minyororo huru, sababu ya upungufu wa damu na picha ya mgongo vijulikane. Yote yakiwa shwari na upungufu wa damu ukapata sababu nyingine, daktari anaweza kuacha uboho kwa haki kabisa. Uwiano ukiwa nje ya mipaka, picha ikiwa na shaka, au hemoglobini ikiendelea kushuka bila sababu, atolewe bila kusita. Hutolewa nyuma ya mfupa wa nyonga kwa ganzi, huchukua kama nusu saa, huuma kwa muda mfupi majimaji yanapovutwa, na mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Haugusi uti wa mgongo, na haupoozeshi miguu, hofu ambayo huwafanya wengi wakatae.

Ikiwa mwisho wa yote ni MGUS ya hatari ndogo, yaani IgG, chini ya 15 g/L na uwiano wa kawaida, hatari ya kuingia kwenye ugonjwa ni kama asilimia 5 katika miaka 20. Arudie elektroforesisi, hemoglobini, kalsiamu na kreatinini baada ya miezi 6, kisha kila miaka 2 au 3. Uwiano ukiwa mbaya, kila mwaka. Hakuna dawa ya MGUS, na yeyote anayewauzia ya kusafisha protini anawala fedha. Kuongezeka kunakohesabika ni kwa robo au zaidi ya kiasi cha kwanza, na kusiwe chini ya 5 g/L. Kutoka 9 kwenda 10 ni mtikisiko wa kipimo.

Diklofenaki isimamishwe leo, pamoja na ibuprofeni na jamaa zake zote, mpaka minyororo huru ijulikane. Ikiwa mama ana minyororo mingi inayopita kwenye figo, dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo na kuifanya minyororo hiyo igande kwenye mirija ya figo. Kreatinini ya 84 inaweza kuwa 400 ndani ya wiki chache. Na kwa mtu wa presha hazifai hata bila kilele. Atumie parasetamoli, isizidi gramu 4 kwa siku, na pungufu ya hapo kama ini lina shida au ana uzito mdogo. Anywe maji ya kutosha. Akipelekwa kwenye CT ya dawa ya mshipani, mwambieni mtaalamu wa picha kuhusu kilele kabla hajachomwa.

Kuna dalili zisizosubiri miadi. Miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu ya mgongo ya ghafla baada ya kuinama au kuinua ndoo: hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu uti wa mgongo unaobanwa hauna subira. Kiu isiyoisha, kukojoa sana, choo kigumu na kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu. Mkojo kupungua, homa kali, au kupumua kwa shida, vivyo hivyo. Miguu kuvimba, mkojo wenye povu zito, ulimi kunenepa au michubuko kuzunguka macho viripotiwe ndani ya siku chache, maana minyororo myepesi inaweza kujirundika kwenye viungo hata kilele kikiwa kidogo.

Mwombeni daktari barua ya rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya damu, na mchukue mchoro wenyewe wa elektroforesisi, siyo ukurasa wa namba tu. Kwenye ule mchoro ndipo bingwa atakapoona kama mnara umechongoka kweli na kilima kilivyo chini yake, na atataka kuulinganisha na wa miezi sita ijayo.